Friza ya Mzee Chandulal

Nyansiongo,
4 Februari 2024

Shemeji yangu Tejas,

Sikuulizi kama u mzima, kwa maana mkeo Nayna alituma picha na nimekuona kwa macho yangu: umenenepa shingo. Sisi huku tupo. Mahindi yameingia ghalani, ng'ombe wamezaa, na ukungu wa Borabu bado unaingia darasani kwangu bila hodi na kukaa dawati la nyuma pamoja na wavivu wenzake. Mama yangu Drusilla ana pumzi ya kukemea watu watatu kwa mkupuo mmoja. Binti yetu Nyanchera yuko chuoni Eldoret, hutukumbuka akiishiwa. Dada yako Kajal hajambo. Siku hizi anaimba akikamua, na ng'ombe wamezoea, sasa wanadai wimbo hata nikikamua mimi. Unaijua sauti yangu. Maziwa yamepungua.

Utashangaa nakuandikia kwa kalamu kama mtu wa zamani. Ni hivi: simu ya nyumba hii huwekwa spika, na barua pepe zangu hufunguliwa na Kajal kwa sababu neno la siri nililisahau mimi, yeye analikumbuka. Karatasi haina spika. Na jambo lenyewe sitaki alijue kwanza.

Nayna ameniambia kwamba Mzee anataka kuja kuiona Kisii mwezi wa nane. Niliposikia nilitafuta kiti. Wewe unajua baba yenu hajawahi kukanyaga kwangu. Tulipooana, wazee wetu walimpelekea ng'ombe wa mahari mpaka mlangoni mwa duka lenu mjini, naye akatoka na ufagio akawauliza hawa atawafunga wapi, kwenye rafu ya sabuni? Ng'ombe wakarudi. Na kwetu mahari hufungwa kwa pombe ya wimbi. Wakwe wakishakunywa pamoja, basi, hakuna tena wa kuuliza huyu mwanamke ni wa nani. Sisi hatukunywa. Kajal halisemi hilo. Lakini kila Diwali hupanga taa zake kwenye dirisha la upande wa barabara, wala si la upande wa nyumba, na mimi najua anamwashia nani.

Kwa hivyo nataka Mzee anywe glasi moja kwangu. Moja tu. Shida ni kwamba pombe ya wazee wetu ni nzito, hunywewa ya moto kwa mrija, na Mzee ni mtu wa baridi. Unakumbuka zile chupa mbili za bia alizokuwa akizificha chini ya barafu za vijiti za watoto ili marehemu mama yenu asizione? Jumamosi akishafunga duka alikuwa anainua kifuniko cha friza, anainywa moja amesimama, halafu anashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Ile friza mliyotuachia mlipohama ninayo kwenye stoo ya maziwa. Nataka kuigeuza. Kegi ndani, mtungi wa gesi kando, mfereji kwa nje. Nipike bia ya wimbi, niichuje mpaka ing'ae, itoke baridi kama ya hoteli. Nimemwona mtu akifanya hivyo kwenye simu ya mwalimu mwenzangu, akamaliza kabla chai yetu haijapoa. Mimi nimejipa mpaka mwezi wa nane, maana najijua.

Usiniambie nimekuwa mtoto. Niambie tu kama ni halali kuikata.

Akupendaye kuliko unavyostahili,
Mogire


Leicester,
29 Februari 2024

Mwalimu,

Bahasha yako ilifika na alama ya kikombe cha chai, nikajua ni yako kabla sijasoma jina. Shingo haijanenepa. Ile ni sweta. Huku mvua ni nyembamba, haijui kunyesha wala kuacha. Goti langu watalipasua mwezi ujao, kwa hivyo safari ya mwezi wa nane Nayna ndiye atamleta baba, Bapuji wetu, mimi nitabaki na mkongojo na televisheni. Wape wote salamu, na Mama Drusilla mwambie bado naogopa.

Bapuji hajambo. Anakula, anatembea, gazeti anashika. Hajambo kabisa.

Kuhusu friza: ni yenu. Lakini uifanyie adabu. Wengine wanaona sanduku jeupe lenye kutu miguuni. Mimi naona Jumamosi, watoto wamejazana mlangoni, na kijana mmoja wa kufundisha Jiografia, shati la mikono mirefu kwenye jua, anakuja kununua barafu nyekundu kwa dada yangu na kuilamba kama anayekunywa dawa ya minyoo. Tulikucheka mpaka tukaona aibu. Sema ukweli sasa umezeeka: uliipenda hata moja?

Friza itagandisha bia, hilo lijue. Nakutumia kwa posta kidude cha kupima baridi. Friza inachomekwa ndani yake, nacho kinaizima ikifika baridi ya bia na kuiwasha ikipanda joto. Mambo ya kutoboa nitakueleza vizuri nikitoka hospitali. Ningoje.

Na unijibu hili. Bado inavuma vilevile? Ile sauti ya chini, kama mtu anayeimba amefumba mdomo? Usiniulize kwa nini nauliza.

Tejas


Nyansiongo,
24 Machi 2024

Shemeji,

Pole na kisu cha daktari. Nilitaka kukuombea kanisani lakini nimeacha kwenda kwa muda, na sababu yenyewe utaicheka: ninapika Sabato, Mama akiwa ibadani, ndio wakati pekee ambao jiko linakuwa huru. Naotesha wimbi kwenye gunia, naukausha, nausaga, nachemsha, naweka hamira, halafu nafungua madirisha yote na kupepea kwa sahani. Juzi Mama alirudi mapema. Akasimama mlangoni na Biblia yake, akanusa.

"Mogire, ni nini hii?"

"Chakula cha ng'ombe, Mama."

Akanusa tena, polepole, kama anayesoma aya. "Na hao ng'ombe," akasema, "wataokoka lini?"

Akaingia chumbani na Biblia yake. Nadhani makemeo ananiwekea.

Kegi nimezipata kwa hoteli moja mjini iliyofungwa, na mtungi wa gesi kwa wauza soda. Kidude chako bado kiko njiani. Sikungoja, nilitia jagi la bia ndani kuionja baridi yake. Kesho yake nilikuta jiwe la kahawia limevaa vipande vya jagi. Nilililamba. Si baya.

Umeuliza kama inavuma. Inavuma. Niliweka sikio ubavuni, nikakaa hapo mpaka paka akaja kuangalia kama nimekufa. Ile sauti inalegeza mtu, shemeji. Naiota. Kwenye ndoto friza imesimama katikati ya majani chai, kifuniko wazi, na ukungu wote wa Borabu unatoka ndani yake, unatiririka mashambani bila haraka, na nyuma yake Mzee amesimama na aproni ya duka anauliza wa mwisho kwenye foleni ni nani. Nainua mkono. Naamka kabla hajaniona.

Na hapana. Sijawahi kuipenda hata moja. Meno yangu mawili ya mbele yalikufa kwa ajili ya familia yenu. Usimwambie Mzee.

Umesema nikungoje, lakini shule inafungwa na mikono inaniwasha. Mahali pa mfereji nimeshapachora kwa penseli, ubavuni upande wa kulia, kimo cha kiganja cha Mzee. Jumapili ijayo natoboa.

Fundi asiye na cheti,
Mogire


Leicester,
9 Aprili 2024

Mwalimu, USITOBOE.

Salamu utazipata baadaye. Barua yako nimeikuta leo nikirudi kutoka hospitali, na hiyo Jumapili yako imeshapita. Naandika nikijua nimechelewa, na bado naandika.

Mirija ya gesi ya friza imezungushwa ndani ya kuta zake, kama mishipa chini ya ngozi. Ukitoboa ubavu unatoboa mshipa. Fanya hivi: fungua bawaba, nyanyua kifuniko, tengeneza fremu ya mbao ikalie mdomo wa friza, kisha kifuniko kikalie fremu. Mfereji na paipu vipite kwenye mbao. Friza yenyewe usiiguse hata na ukucha.

Nilipiga simu. Kajal akapokea. Tukaongea hali ya hewa ya Leicester mpaka ikatuishia.

Niandikie haraka.

Tejas


Nyansiongo,
5 Mei 2024

Shemeji mpendwa,

Natumai goti linakunjika. Sisi ni mvua tu. Shule zimechelewa kufunguliwa, barabara ya kwenda Manga imekuwa uji, na pikipiki zinapita zikiwa zimebebwa na wenyewe. Ng'ombe wanafurahia majani. Nyanchera amepita mitihani. Mama amepewa kofia mpya na kina mama wa kanisa, anaivaa hata akipalilia mboga. Kajal amepanda dhania. Mimi nimenunua viatu vya mpira vya rangi ya kijani, vimenipendeza.

Barua yako ilifika salama. Asante sana. Maelezo ya mbao ni mazuri, nimeyasoma mara nyingi, yana mpangilio.

Kidude cha baridi nacho kimefika, kinawaka taa nyekundu nzuri.

Stoo ya maziwa siku hizi imetulia. Ukikaa humo unasikia hata panya akifikiri.

Nilikuwa nauliza: Mzee hawezi kuja mwezi wa kumi na mbili? Mvua itakuwa imekwisha, na maua ya Desemba yanapendeza.

Wako,
Mogire


Leicester,
30 Mei 2024

Mwalimu,

Sijambo. Goti linakunjika, Nayna anakusalimu.

Umeniandikia ukurasa mzima. Nimejua kuhusu kofia, dhania na viatu vyako. Friza hukuitaja. Mtu akinyamaza kiasi hicho huwa ameshatoboa.

Sikukasirikii. Mimi nami nimekuficha jambo, na ni kubwa kuliko tundu.

Bapuji si mzima, shemeji. Anasahau. Ilianza na majina ya barabara, ikaja majina ya watu. Gazeti analishika kweli, lakini huwa kichwa chini miguu juu. Mimi ananiita bwana, kwa heshima sana, kama mgeni aliyemkaribisha. Tukienda dukani kununua mboga hupitia friji zote moja moja, anaweka kiganja ubavuni, anasikiliza, anatikisa kichwa, anasema, "Siyo hii." Kisha ananigeukia: "Bwana, nyumbani kuna mtu wa kuangalia friza? Umeme ukipotea barafu zitayeyuka." Nami humwambia yuko mtu, ni mwalimu, ni mwaminifu. Anatulia. Ndiyo sababu nilikuuliza kama inavuma.

Desemba sijui atakuwa amebaki na nini. Ni Agosti. Sijamwambia Kajal kwa sababu sijui nianze na neno gani. Akija na asimjue, itakuwa ni mara ya pili amemfukuza.

Itengeneze.

Tejas


Nyansiongo,
7 Julai 2024

Shemeji,

Barua yako niliisomea kwenye majani chai, nikakaa huko mpaka viatu vyangu vya kijani vikajaa umande. Pole. Leo sitanii.

Nilitoboa. Ile Jumapili niliyosema, palepale kwenye penseli. Keekee iliingia vizuri, nikajisifu kwa sauti, halafu kukatoka pumzi. Ndefu, nyembamba, kama mtu anayekata tamaa kwa adabu. Niliziba kwa kidole. Nikakaa hapo nimeziba, mwalimu mzima, kana kwamba friza ingenihurumia. Pumzi ikaisha, na kile kivumo kikaendelea kidogo bila baridi yoyote, ndipo nikachomoa waya. Ndiyo maana nilikuandikia habari za kofia.

Baada ya barua yako niliikodia pikapu tukaipeleka Nyakoe kwa fundi Ondieki. Akaitazama, akanitazama mimi.

"Mwalimu, hii uliipiga mkuki?"

"Nilitaka kuweka mfereji."

"Ungeweka kwa ng'ombe. Ng'ombe anayo tayari."

Alikubali kujaribu. Alichimbua ukuta, akaulehemu mrija, akatia gesi, ikavuja. Akalehemu tena, ikavuja kwingine. Nikaanza kumwona Mzee akiweka kiganja na kusema siyo hii. Mara ya tatu Ondieki alipaka povu la sabuni kwenye mshono, tukasubiri wote wawili bila kupumua, na povu likakaa kimya. Akawasha. Shemeji, inavuma. Ni ileile. Niligeuka nikajifanya natafuta pesa mfukoni.

Sasa kuhusu Kajal. Nilirudi na friza nikaanza kutafuta mbao za fremu. Mbao za msaiprasi nilizonazo zimejikunja kama alama ya kuuliza. Niko hapo stoo nimeshika kipimo, akaingia amebeba mbao begani. Unazijua mbao hizo. Ile kaunta ya duka lenu, ambayo kwetu imekuwa benchi ya jikoni miaka yote, alikuwa ameibandua mwenyewe.

"Hizi zimeshazoea friza," akasema.

Nikamuuliza anajua nini. Akasema anajua harufu ya wimbi, anajua mume wake hachomi gesi Sabato bila sababu, na anajua kaka yake hawezi kupiga simu kutoka Uingereza kuulizia hali ya hewa ya Uingereza. Nikamwambia yote, na la Bapuji pia. Neno la kuanzia sikulipata, nikaanza katikati.

Alipangusa zile mbao kwa kanga yake kwa muda mrefu. Ule upande uliolika, pale baba yenu alipokuwa akiegemeza mkono, akautazamisha mbele.

"Alipenda iwe baridi sana," akasema. Basi. Akarudi kwa ng'ombe, na siku hiyo hakuimba.

Fremu imekaa. Mfereji umepita kwenye mbao. Bia ninayo, ya rangi ya asali. Mleteni.

Mogire


Nyansiongo,
22 Agosti 2024

Shemeji Tejas,

Nayna atakuwa amekusimulia kwa simu, lakini Nayna alikuwa anapiga picha, na mtu anayepiga picha haoni. Acha nikwambie mimi.

Walifika Jumapili iliyopita kabla ya saa sita, ukungu haujaondoka wote. Mzee alishuka garini amevaa koti la kijivu limefungwa vifungo vyote. Kajal alikuwa amesimama mlangoni na sari ya mama yenu. Akainama kumgusa miguu. Mzee akamwekea mkono kichwani, vizuri kabisa, akasema, "Asante, dada. Umeolewa hapa?"

Kajal akasema, "Ndiyo, Baba. Nimeolewa hapa."

"Ni pazuri. Kuna baridi."

Nilitaka ardhi inimeze pamoja na viatu vyangu. Lakini Kajal alimshika mkono tukaanza kuelekea nyumbani, na tulipofika usawa wa stoo ya maziwa Mzee akasimama. Akainamisha kichwa. Sisi hatukusikia kitu, tulishazoea. Yeye alisikia. Akauachia mkono wa Kajal, akaingia mwenyewe.

Aliweka kiganja ubavuni, juu kidogo ya kiraka cha Ondieki. Akafumba macho. Sijui alikwenda wapi, lakini alikwenda. Nilimwona akiondoka na nikamwona akifika. Kisha mkono ukapanda ukaikuta mbao, ukatambaa mpaka pale palipolika, ukakaa hapo kama kikombe kwenye kisahani chake.

"Nani ameiinua kaunta?" akauliza.

 Alizunguka nyuma ya friza, akafungua kifungo kimoja cha koti, akanyoosha mgongo. Shemeji, yule mzee aliyeshuka garini hakuwepo tena. Alikuwa mwenye duka. Akamtazama Mama na kofia yake, akamtazama Nayna, halafu akanitazama mimi, na mimi, Mungu nisamehe, nikainua mkono kama kwenye ndoto.

"Mwalimu!" akasema. "Umechelewa leo." Akageuza kichwa kuelekea mlango wa nyuma ambao stoo yangu haina. "Kajal! Kajal, we! Mwalimu wako amekuja. Mpe barafu yake."

Kajal alikuwa amesimama kando yake, hatua moja tu. Akajibu kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tukiwa vijana: "Naja, Bapuji!" Akatoka mbio. Kumbe asubuhi alikuwa ametengeneza na kuweka kwenye friji ya jikoni, nyekundu, ina kijiti. Hakuniambia. Nyumba hii hakuna anayeniambia kitu.

Wakati hayupo, Mzee alimwegemea Nayna akamnong'oneza, ule mnong'ono wa wazee unaosikika mpaka barabarani. "Huyu mwalimu barafu hata haipendi. Mimi namwona. Lakini kila Jumamosi anarudi." Akagonga mbao kwa kidole. "Mtu anayerudi usimfukuze."

Nilivuta bia. Ikatoka povu nusu. Nikamkabidhi kwa mikono miwili, kama tunavyomkabidhi mkwe. Akatazama kulia, akatazama kushoto, nadhani alikuwa anamtafuta mama yenu, kisha akanywa akiwa amesimama. Na akashusha pumzi. Ileile.

Kajal alirudi, akanipa barafu. Mzee akaniambia leo silipi.

Jioni, baada ya Nayna kumrudisha mjini kupumzika, nilikaa na wasiwasi wangu kwenye ngazi. Nikamwambia Mama kwamba sijui tuhesabu vipi. Je, amekunywa kama mkwe, au amekunywa kama mwenye duka Jumamosi fulani ya zamani? Hata hajui binti yake ni yupi. Mama, ambaye hajawahi kuilamba pombe na alikuwa amekaa stoo muda wote amejifunika pua kwa leso, aliivua ile kofia akaiweka magotini.

"Alimwita nani?" akaniuliza.

"Kajal."

"Akamwambia ampe nani?"

"Mimi."

"Glasi ilibaki na kitu?"

"Hapana, Mama."

"Basi. Mimi ni shahidi, na mimi sikunywa, kwa hivyo niliona vizuri. Mahari imefungwa." Akavaa kofia yake. "Na sasa hiyo takataka uimwage."

Sikuimwaga. Mzee anakuja tena Jumapili hii kabla hawajasafiri. Amemwambia Nayna kwamba lazima afungue duka. Kajal anakamua hapo nje ninapoandika, anaimba, na kutoka stoo friza inamwitikia kwa chini, imefumba mdomo. Ukungu umeingia mpaka mezani. Ninyi nyote mlikuwa mkinicheka, ila Mzee aliona.

Na kama utaniuliza tena: niliila yote, mbele yake, mpaka kijiti. Bado siipendi.

Shemeji yako, sasa kwa haki,
Mogire